Timu Isiyowahi Kurudi Imefungwa

Tangu Mlezi Mkuu ashike nchi, hakuna timu yetu ya taifa iliyowahi kurudi nyumbani imefungwa. Nchi nyingine, zenye nyasi za kweli na wachezaji wanaokunywa chai asubuhi, haziwezi kusema hivyo. Sisi tunasema. Imeandikwa kwa rangi nyeupe kwenye ukuta wa uwanja wa taifa, na watoto wanaiimba shuleni kabla ya hesabu. Mimi niliishia darasa la sita, wimbo wenyewe niliukuta mtaani, lakini niliuamini kama mtu mwingine yeyote. Nayasema haya mapema msije mkadhani naichukia nchi yangu. Naipenda sana. Niko mlangoni mwake kabisa.

Zamani mambo yalikuwa ya aibu. Timu ilikwenda Kombe la Bara, ikafungwa, ikarudi, ikashuka kwenye ndege mchana kweupe watu wanaona. Mwaka mmoja tulifungwa na kisiwa ambacho kipa wake alikuwa daktari wa meno, na wakati wa mapumziko aliomba ruhusa aende kung'oa jino. Mwaka mwingine magoli yote tulijifunga wenyewe, wapinzani wakaja chumba chetu cha kubadilishia nguo kutuomba radhi. Serikali ya wakati ule iliunda tume. Tume ikazunguka nchi nzima, ikarudi na jibu kwamba tatizo kubwa ni magoli. Mambo yakaishia hapo.

Ndipo akaja Mlezi Mkuu, na yeye si mtu wa kuunda tume.

Kwetu timu haiendi popote bila kukabidhiwa bendera. Wachezaji wanapangwa mstari na suti zinazofanana, wanasomewa hotuba inayoanzia kwenye ukombozi na kuishia kwenye lishe bora, kisha nahodha anapokea bendera kwa mikono miwili. Siku aliyoikabidhi kwa timu ya nahodha Makwaya na wenzake, Mlezi Mkuu aliifunga hotuba yake kwa sauti nzito: "Nendeni. Na msirudi bila ushindi."

Watu walipiga makofi. Maneno hayo kila mzee amewahi kumwambia kijana wake anayekwenda mnadani. Lakini kwetu neno la Mlezi Mkuu ni sheria tangu linapotoka kinywani, mate hayajakauka. Mtu wa Uhamiaji alikuwa amekaa safu ya tatu. Alilisikia, akalichukua, akalipeleka kazini.

Kina Makwaya walikwenda na hawakuonekana tena. Redio ikatangaza kwamba wamesajiliwa Ulaya, wote, hata wa akiba, hata daktari wa timu. Nchi ililipuka kwa furaha. Nakumbuka mtaani kwetu mtu alichinja beberu wa jirani. Kombe lililofuata lilipokaribia, wachambuzi wa redio walianza kulalamika kwamba hawa watoto wa Ulaya wamevimba vichwa, wanaitwa hawaji, hawana uzalendo. Ikabidi itafutwe timu nyingine ya watu waliobaki.

Ndivyo nilivyoitwa mimi, Shilinde, kipa wa timu ya Idara ya Maji. Pasipoti ya dharura niliyopewa, ya kutumika kwa Kombe hilo tu, ilisema nina miaka ishirini na sita. Mimi sikubishana nayo. Wachezaji wenzangu waliniita Babu.

*

Mke wangu Sikudhani alikuwa mjamzito. Tumeoana siku nyingi bila mtoto, tumezunguka kwa waganga na kwa madaktari mpaka wakatuchoka, na sasa tumbo lilikuwa linaonekana hata mbele ya wakwe. Kwa ukoo wetu mtoto hapewi jina mpaka baba yake mwenyewe asimame mlangoni, amtaje kwa sauti, ndani wasikie na nje wasikie. Jina halitumwi kwa mtu wala kwa simu. Mtoto asiyetajwa hana jina, basi.

"Hilo Kombe haliwezi kusubiri?" Sikudhani aliniuliza nikiwa nafunga begi.

"Tunatolewa mapema, mke wangu. Wewe unaijua timu yetu. Nitarudi kabla hujashikwa na uchungu."

Akacheka. "Nenda basi, mfungwe haraka."

Niliondoka nikiwa na moyo mweupe. Tukakabidhiwa bendera, tukaambiwa tusirudi bila ushindi, tukapiga makofi sisi wenyewe.

Kuhusu mashindano sina la kusimulia. Mchezo wa kwanza tulifungwa, wa pili tulifungwa, wa tatu tulitoka sare kwa sababu mvua kubwa ilinyesha na wapinzani walikuwa wameshafuzu. Kocha wetu, mzungu mmoja mpole, alituambia tumekua. Tukapanda ndege.

*

Dirishani pale Uhamiaji alikaa dada mnene mchangamfu, kibandiko kifuani kimeandikwa Tegemea.

"Karibuni nyumbani, kaka zangu. Poleni na safari. Ushindi uko wapi?"

Tulidhani ni utani. Nahodha wetu, beki mmoja mrefu anaitwa Chogo, akaegemea dirisha. "Dada, si umeona matokeo?"

"Mimi mpira siangalii, kelele nyingi. Nauliza nilichoagizwa kuuliza. Mmekuja na ushindi?"

"Tulitoa sare moja."

"Sare." Akamgeukia mwenzake wa dirisha la pili. "Eti wana sare. Sare ni ushindi?"

"Hapana," mwenzake akasema bila kuinua macho.

"Hapana," Tegemea akatuambia kwa huruma.

"Basi turudishe tulikotoka," Chogo akasema.

"Huko viza zenu zimekufa mlipotolewa."

"Sasa twende wapi?"

"Hapo hapo mlipo. Ni pazuri, pana kivuli."

Nikasogea na kumpa pasipoti yangu, maana niliona anaongea na vijana na labda mtu mzima atanisikiliza. Akaitazama, akanitazama.

"Miaka ishirini na sita?"

"Ndiyo."

"Na hizo mvi?"

"Za ukoo."

"Na ushindi?"

Nikamweleza habari za mke wangu, nikamweleza na habari ya jina. Alisikiliza mpaka mwisho, machozi yakamlengalenga, akaniambia hata dada yake yuko hivyo hivyo. Kisha akanionyesha mlango wa pembeni.

Wakati huo kocha wetu alipita dirisha la wageni, akagongewa muhuri, akatupungia mkono. Tamko halikumhusu. Yeye hakuna aliyewahi kumwambia asirudi.

*

Mlango wa pembeni unaingia kwenye ukumbi wa zamani wa wanaowasili, uliofungwa kwa matengenezo tangu enzi za ile tume. Una vigae vinavyoteleza, vyoo vizuri, picha ya Mlezi Mkuu, na televisheni iliyotundikwa juu kabisa, haizimiki wala haibadilishwi. Katikati kuna mkanda wa mizigo, ule unaozunguka ukipotelea nyuma ya mapazia ya mpira upande mmoja na kutokea upande mwingine. Bado unafanya kazi, huwashwa kila ndege ya mizigo inapotua, kwa sababu mizigo yote iliyopotea ya uwanja huu wa ndege huletwa humo ikazunguka mpaka mwenyewe apatikane. Mwenyewe hapatikani.

Na kando ya mkanda, juu ya masanduku, walikaa wanaume wanatutazama. Mmoja alivaa gauni la kulalia. Mmoja alivaa joho la mahafali. Aliyekaa katikati, ndevu zimemfika kifuani, alivaa koti zito la manyoya lililofungwa vifungo vyote.

"Karibuni Ulaya," akasema.

Alikuwa Makwaya. Nahodha Makwaya Kisiki, ambaye picha yake ilibandikwa kwa kinyozi wa mtaani kwetu, ambaye wachambuzi walimtukana kila Jumapili kwa kukosa uzalendo. Na nyuma yake walikuwepo wote, hata wa akiba, hata daktari wa timu.

Kijana wetu mmoja alipiga magoti akalia. Makwaya akamtuliza. "Usilie, mdogo wangu. Hapa unakula kuku au samaki kila siku." Ilikuwa kweli. Vyakula vinavyobaki kwenye ndege huletwa humo kwenye visahani vyenye mifuniko, na Tegemea hupitisha kichwa mlangoni akiuliza, "Kuku au samaki?" Ukisema kuku unaambiwa kuku wamekwisha.

Nilimuuliza Makwaya kwa nini Mlezi Mkuu hajaombwa alitengue neno lake.

"Nani atamwomba, Babu? Ili awasamehe waliofungwa, lazima kwanza aambiwe wamefungwa. Yeye anajua tuko Ulaya. Mwezi uliopita alitupongeza kwa kuitangaza nchi."

Alinionyesha blanketi la kutumia, la shirika moja la ndege, dogo kama taulo. Tulilitumia wawili. Aliniambia habari za mama yake, ambaye macho yanamwishia nuru kidogo kidogo, na kila asubuhi Makwaya anajiuliza kama leo mama bado anaona. Mimi nikamweleza habari za Sikudhani. Ni mtu mwema, Makwaya. Nataka hilo lieleweke.

*

Sisi tulipoingia, ukumbi ulijaa, na vyoo vikaanza kulalamikiwa na mafundi. Ndipo akaja Bwana Ngwilizi, Afisa Mfawidhi wa Tafsiri za Matamko, na wasaidizi wawili wa kumshikia miwani. Alipanda juu ya mizani ya mizigo, ikamwonyesha uzito wake, akashuka, akapanda kwenye kiti.

"Ndugu wachezaji, wazalendo wenzangu," akaanza. "Serikali yenu ni sikivu. Imesikia kwamba vyoo havitoshi. Hata hivyo, serikali haiwezi kutengua tamko, kama vile mto hauwezi kupanda mlima isipokuwa kwa kibali. Kwa hiyo tumefanya utafiti wa kina kwa mustakabali wa taifa, na tumegundua yafuatayo. Pasipoti za kina Makwaya zilikuwa za dharura na zimekwisha muda. Mtu aliyeko mpakani bila pasipoti ya nchi hii ni nani?"

Akajijibu mwenyewe:

"Ni mgeni. Na wageni kumi na mmoja ni nini? Ni timu ya kigeni. Na timu ya kigeni ikicheza na timu ya taifa, huo ni mchezo gani?"

"Wa kimataifa," Chogo akajibu, na nikaona uso wake unaanza kuwaka.

"Huyu kijana ni hazina. Mkiwafunga hawa, mtakuwa mmepata ushindi dhidi ya taifa la nje. Mtapita mlangoni kifua mbele."

"Na wao wakitufunga sisi?" nikauliza.

"Watakuwa na ushindi wao. Tamko lao walilopewa litakuwa limetimia. Watarudi nyumbani, na pasipoti watapewa palepale mlangoni."

"Watarudije nyumbani, bwana mkubwa, kama ni wageni?"

"Mzee, usinichoshe."

"Na tukitoka sare?"

"Mnabaki wote, na vyoo mtasafisha wenyewe." Akapiga makofi, wasaidizi wakapiga makofi. "Atakayeshinda atasema ametoka Ulaya. Mengine hayahitajiki kusemwa. Mchezo ni kesho mchana, baada ya ndege ya mizigo."

Akaondoka. Tulikuwa tumekaa mchanganyiko, wao na sisi, mmoja ananyolewa na mwingine, wawili wanacheza bao kwa vifungo vya makoti. Taratibu watu walianza kuhama. Wao wakaenda upande ule wa mkanda, sisi upande huu. Hakuna aliyewaambia.

Makwaya alikuja kuchukua nusu yake ya blanketi.

"Babu, kesho nitakufunga."

"Jaribu."

"Sikutanii. Mama yangu macho yanaondoka."

"Na mimi mtoto wangu anakuja, na hatakuwa na jina."

Akalikunja blanketi. "Basi kila mtu acheze mpira," akasema. Akaniachia blanketi lote.

*

Magoli yalikuwa matoroli ya mizigo, mawili kila upande. Mwamuzi alikuwa msaidizi mmoja wa Bwana Ngwilizi, aliyeshika kipenga kama mtu aliyeshika nyoka. Dakika zetu zilikuwa chache kwa sababu ndege nyingine ilikuwa inatarajiwa. Tegemea na wenzake walibandika nyuso zao kwenye kioo cha mlango.

Sisi tulikuwa vijana zaidi, ukiniondoa mimi. Tulikuwa na pumzi. Lakini wale walikuwa wamekaa miaka miwili juu ya vigae vile. Walijua kigae gani kimelegea na mpira ukigonga pale unaruka wapi. Walicheza bila viatu, wakiteleza kama samaki, huku vijana wetu na njumu zao wakianguka kila kona kama watu wanaofukuzwa na nyuki. Yule wa gauni la kulalia alimpiga chenga Chogo mara nyingi hivi kwamba Chogo alianza kumwomba apumzike.

Hata hivyo nilizuia. Sijawahi kuzuia vile maishani, wala Idara ya Maji, wala Kombe la Bara. Nilizuia kwa mikono, kwa magoti, mmoja niliuzuia kwa uso na jino likatoka. Kila nikiuona mpira unakuja nilikuwa nauona mlango wa nyumba yangu, na Sikudhani amesimama ndani na kitu kimefungwa kwenye kanga. Vijana wangu wakaniona, wakapata moyo. Chogo alipiga kichwa mpira ukagonga toroli na kutoka. Tulikuwa tunakaribia kufunga. Nilimsikia Makwaya anawafokea wenzake, sauti imemkauka.

Ndipo mkanda ukaanza kuzunguka.

Ndege ya mizigo ilikuwa imechelewa, ndiyo kwanza imetua. Hakuna aliyetuambia tusimamishe mchezo, na mwamuzi hakujua. Makwaya akaupata mpira pembeni, wetu wawili wakamwendea. Hakuwapiga chenga. Aliuweka mpira juu ya mkanda, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto, na mpira ukaingia nyuma ya mapazia.

Mabeki wetu walisimama. Walitazamana. Hakuna kocha aliyewahi kuwafundisha afanye nini mtu mpira ukienda kuhesabiwa pamoja na mizigo. Lakini wale wenzetu walikuwa tayari wanakimbia upande wa pili, upande wangu, pale mkanda unapotokea, hatua chache tu kutoka goli langu. Nikaelewa. Nikawahi kwenye mapazia nikainama nikasubiri.

Likatoka sanduku. Likatoka begi la gitaa. Kisha mapazia yakafumbuka na kitu cha duara, cheupe, kikaja kasi, nami nikajirusha nikakikumbatia kifuani kwa nguvu zangu zote. Vijana wangu wakapiga kelele za furaha. Nikalala juu yake. Nikasikia harufu ya dagaa.

Lilikuwa furushi la mtu, limefungwa kwa nailoni. Mpira ulikuwa nyuma yake. Ulitoka polepole, ukapita juu ya mgongo wangu mimi nikiwa bado nimelala, na Makwaya akausukuma kati ya matoroli kwa upande wa mguu. Hakupiga hata kwa nguvu.

Hakushangilia. Kipenga kililia, nadhani kwa bahati mbaya, na ukawa mwisho.

Walipita mlangoni mmoja mmoja. Tegemea aliwagongea mihuri huku akilia kwa furaha na kuwaambia wamependeza. Makwaya alikuwa wa mwisho. Alirudi hatua kadhaa, akaninyanyua sakafuni.

"Nitafika kwako," akasema. "Nitampa mkeo salamu."

"Mwambie ukweli."

Akatazama mlangoni, aliposimama Bwana Ngwilizi. Kisha akapita.

*

Tuliwaona jioni hiyo hiyo kwenye televisheni yetu ya juu. Bendi ya jeshi ilikuwepo, na maua. Mtangazaji alisema wanasoka wetu wa kulipwa wameacha utajiri wa Ulaya kuja kulijenga taifa. Wachambuzi walewale wa redio walikuwepo, wanaomba kupiga nao picha.

"Nahodha Makwaya," mtangazaji akasema, "hilo koti tu linatosha kutuonyesha ulikotoka. Theluji ikoje?"

"Theluji," Makwaya akasema, jasho linamtiririka, "ni kama unga wa muhogo, mtu amemwaga barabarani halafu hakuna wa kumkemea."

Watu wakacheka. Nyuma yake niliona mwanamke mzee ameshikwa mkono, anaupapasa uso wake kwa vidole. Sikuweza kuona kama anamwona.

"Na hii timu iliyotoka Kombe la juzi? Tunasikia nao wamesajiliwa."

"Wote. Nimewaacha wanaanza kuzoea."

"Hata kipa Shilinde, kwa umri ule?"

Makwaya akainua macho, akatazama kwenye kamera. Humu ukumbini kila mtu alisimama. "Shilinde ndiye bora kuliko wote," akasema. "Alinizuia mara nyingi sana mazoezini. Anasalimia nyumbani. Ila sakafu ya kule, nasema nyasi, nyasi za kule zinateleza."

Mungu amlipe. Sijui amlipe nini, lakini amlipe.

Siku nyingine walimwonyesha Sikudhani mwenyewe. Mwandishi alimfuata nyumbani kumpongeza kwa kuwa mke wa mchezaji wa kulipwa. Alikuwa amesimama mlangoni, kanga mpya, na mtoto mgongoni. Wa kiume. Masikio yangu yaleyale.

"Na mtoto anaitwa nani, mama?"

"Bado hana jina. Baba yake ndiye anamtaja, mila yetu. Akija likizo."

"Sasa kwa sasa mnamwitaje?"

"Tunamwita Huyu," Sikudhani akasema, akaona haya kidogo. "Huyu amekula, Huyu amelala. Ameshaanza kuitika." Kisha akatazama kwenye kamera kama alivyotazama Makwaya. "Baba Huyu, wakikupa ruhusa uje. Hata siku moja tu. Sisi hatuhitaji zawadi."

Nilipiga kelele mpaka Tegemea akaja kuuliza kama ni samaki.

*

Sisemi serikali ilikosea. Tuliambiwa wazi tusirudi bila ushindi, na ushindi hatuna. Pasipoti zetu za dharura nazo zimekwisha muda, kwa hiyo sasa sisi ndio wageni. Nimeyafikiria haya kwa makini, na kichwa changu cha darasa la sita kimeona njia moja tu. Hakuna nchi duniani itakayokuja kucheza nasi humu, isipokuwa nchi moja.

Ndiyo maana mwaka huu Kombe la Bara lilipoanza, tulikaa chini ya televisheni wote, tumeoga. Timu mpya ya taifa ilikuwa imekabidhiwa bendera, na maneno tuliyasikia, hayakubadilika. Vijana wazuri. Kipa wao hana hata ndevu. Mchezo wa kwanza walifungwa, tukapeana mikono. Wa pili walifungwa, Chogo akatandika suti yake chini ya godoro la masanduku inyooke.

Wa tatu, walitangulia kufunga.

Nje, mbali, tulisikia mji mzima unapiga kelele, honi, masufuria. Humu ndani wanaume wazima walikuwa wameshika vichwa. Wakishinda wale wanapita dirisha la Tegemea moja kwa moja mpaka kwao, sisi tunabaki miaka mingine miwili, na Huyu atakuwa anakaribia kwenda shule, bado anaitika jina ambalo si jina. Daktari wa timu yetu akaanza kuomba kwa sauti. Wengine tukaitikia. Tuliomba beki ateleze. Tuliomba kipa achelewe. Nimekuwa nikiiombea timu hii tangu utoto, kanisani, msikitini kwa marafiki, kwa mganga, na haijawahi kunisikiliza hata siku moja. Nilipiga magoti nikaiomba tena.

Mchezo ulikuwa umekaribia kwisha. Mpira wa kona ukaja, beki wetu mmoja, hana mtu karibu, hana sababu yoyote, akaudaka kwa mikono miwili kama mtu aliyetupiwa chungwa. Penalti. Kipa akaruka kulia, mpira ukaenda kushoto. Kipenga.

Sare.

Tulirukiana. Tulikumbatiana, tukaanguka, tukaimba wimbo wa taifa wote beti zote, Chogo akabusu picha ya Mlezi Mkuu. Tegemea akaja anakimbia, anagonga kioo kwa funguo.

"Nyie mna wazimu? Mnashangilia nini? Tumetolewa!"

"Tunaishangilia timu yetu, dada," nikamwambia.

Kwenye televisheni yule kipa wao alikuwa amelala chali kwenye nyasi, jezi ameifunika usoni, analia, tumbo linapanda na kushuka. Mtangazaji akasema kijana huyu anatia huruma, mkewe amejifungua juzi. Nilimtazama kwa muda mrefu. Kisha nikawaambia wenzangu wapunguze kelele, wale, walale mapema, maana kesho tunaanza mazoezi.